Pembe ya Chini

Masika yakishanyesha majuma mawili matatu mfululizo, nchi iliyo kati ya Ukunda na Msambweni hugeuka sura. Mabonde yaliyokauka hadi ardhi ikaingia nyufa hujaa maji, na uwanja ambao mwezi wa Februari watoto waliuchezea mpira huwa ziwa dogo. Siku si nyingi majani ya duara hutandaa juu ya ziwa hilo, na kabla Juni haijaisha yungiyungi la buluu limeshachanua. Hakuna aliyelipanda. Hakuna aliyelitia mbolea wala aliyelipalilia. Abiria wa matatu ya Lunga Lunga anayetazama nje huliona likimeremeta katikati ya nyasi, gari hupita, na ua hubaki bila mtu kulisemea neno.

Kando ya maziwa hayo siku hizi husimama vibao vya viwanja vinavyouzwa. Tangu barabara ya Dongo Kundu iiunganishe Kwale na Mombasa bila kungoja feri ya Likoni, wanunuzi wamezidi, na bei ya ardhi imepanda hadi kwenye vijiji ambavyo zamani hakuna mgeni aliyeviulizia. Mtu akinunua kiwanja chenye pembe inayotuama maji, jambo la kwanza analowaza ni lori la kifusi. Fundi humshauri hivyo, jirani humshauri hivyo, na yeye mwenyewe haoni njia nyingine. Kifusi humwagwa, hushindiliwa, hupandwa nyasi za kukatwa kwa mashine, na mchezo umekwisha.

Mimi nina pembe ya namna hiyo kwenye kiwanja changu, nami nimeiacha ilivyo, nikapanda yungiyungi. Katika kulilea ua hili nimefikia imani moja ambayo ndiyo iliyonishikisha kalamu: sehemu ya ardhi inayoshika maji haina ila ya kurekebishwa. Ina kazi yake, ina wakazi wake, na ina madai yake juu ya mwenye kiwanja. Yungiyungi ndilo linalotukumbusha hayo kwa uzuri, na uzuri una namna ya kumfanya mtu asimame pale ambapo hoja peke yake isingemsimamisha.

Ili kujua kwa nini maji hukaa hapa na hupotea pale, inafaa kutembea kutoka baharini kuelekea magharibi. Ufukwe wa Diani umelala juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Udongo wake ni mwembamba, na mvua hata ikiwa kubwa hutoweka mwambani kwa dakika chache. Maji hayo hayapotei. Hushuka chini na kukutana na maji ya bahari, ndiyo maana visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina ladha ya chumvi. Ukivuka barabara kuu ya Ukunda unakanyaga mchanga mzito zaidi, mwekundu mahali pengine, mweupe mahali pengine, na chini ya mchanga huo mna tabaka za mfinyanzi. Hapo ndipo maji hupata sakafu. Mbele zaidi imeinuka milima ya Shimba, ambayo kilele chake hufikia mita mia nne na ushei, nayo hukinga pepo zenye unyevu zinazotoka baharini na kuzigeuza ukungu na mvua. Chemchemi za Marere zilizo huko zimeinywesha Mombasa tangu enzi za ukoloni. Mito ya Mwachema, Mkurumudzi na Ramisi hushuka kutoka upande huo ikielekea baharini, na katikati ya mito hiyo, kila palipo na bonde na mfinyanzi, hutuama maziwa ya msimu.

Mama wa Kidigo wameyajua mabonde hayo kwa vizazi vingi. Ndiko walikolima mpunga, kila mmoja na kipande chake alichokirithi kwa mama au kwa bibi. Kwao ardhi yenye maji ilikuwa ghala. Inashangaza jinsi muda mfupi ulivyotosha kuifanya ardhi ileile ionekane kuwa hasara.

Sasa tulitazame ua lenyewe. Wataalamu wa mimea huliita Nymphaea nouchali, nalo lina ndugu wengi kuanzia Misri hadi Afrika Kusini na kuvuka mpaka Bara Hindi. La kwetu ni la buluu ya mbingu ya asubuhi, lenye nyuzi za manjano katikati, na hushikwa juu ya maji na kikonyo kigumu cha urefu wa shibiri au zaidi. Hufunguka jua likishapanda, hufunga alasiri, na siku ya pili hufunguka tena. Huishi hivyo kwa siku tatu au nne, na siku hizo hazifanani. Siku ya kwanza, katikati ya ua huwa na kikombe cha umajimaji, na chavua yake bado haijaachiliwa. Nyuki anayetoka kwenye ua jingine huteleza na kutumbukia humo, na chavua aliyoibeba huoshwa mwilini mwake ikabaki pale inapohitajika. Wengine huogelea wakatoka, wengine hufa. Kuanzia siku ya pili kikombe hicho hukauka, nyuzi huachilia chavua, na nyuki hufika na kuondoka salama, ameshabeba mzigo wa kupeleka kwingine. Ua moja, basi, hupokea kwanza na hutoa baadaye, na kwa mpango huo huepuka kujichavusha lenyewe.

Likishamaliza, hufunga moja kwa moja. Kikonyo hujipinda na kulivuta chini ya maji, na tunda hukomaa gizani. Mbegu zikitoka huwa zimevaa ngozi laini yenye hewa, huelea siku kadhaa zikisukumwa na upepo, kisha ngozi ile huoza na mbegu huzama mahali papya. Kaskazi ikianza kuvuma na maji yakipungua, majani huungua, matope hukauka, na mpita njia huapa kwamba hapo hapana kitu. Tunguu liko chini, zima, linangoja.

Hilo halingoji peke yake. Katika vidimbwi vya msimu vya pwani hii wanaishi samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, madume yao yakiwa na rangi zinazoshindana na kanga mpya. Maisha yao yote ni ya miezi michache. Kabla maji hayajakauka wao hutaga mayai ndani ya matope, kisha hufa, na mayai hukaa kwenye udongo mkavu hadi mvua nyingine iyaangue. Yupo pia chura mdogo wa kijani, Hyperolius pusillus, mwenye urefu wa sentimita mbili hivi na ngozi inayokaribia kupenya nuru. Huyu hutaga mayai yake baina ya majani mawili ya yungiyungi yaliyolaliana, mayai yakawa na sakafu na paa. Yungiyungi likiondoka, chura huyu hupoteza mahali pa kutagia. Na milima ya Shimba ina chura wake mwingine wa matete, Hyperolius rubrovermiculatus, ambaye hajapata kuonekana penginepo duniani ila huko na vitongoji vyake. Anayemwaga kifusi mwezi wa Februari huamini kwamba amefukia udongo mtupu. Amefukia mayai, matunguu na mbegu, akiba yote ya masika ijayo.

Kwa nini basi hatulipandi ua hili majumbani? Sababu ya kwanza, nadhani, ni kwamba watu wa pwani tumelipenda ua kwa pua kabla ya jicho. Asumini, kilua, mkadi, mlangilangi na mrehani ndiyo maua ya nyumba zetu, kwa sababu huchumwa, hufungwa vikuba, hutiwa nyweleni, hunyunyizwa kitandani kwa bibi harusi, na harufu yake hukaa hadi alfajiri. Yungiyungi halikubali desturi hiyo. Lina harufu, lakini ni hafifu, na ukilitoa majini hufumba na kulegea kabla hujafika mlangoni. Ni ua la kuendewa. Anayelitaka lazima alifuate mwenyewe ukingoni, asimame, atazame, arudi mikono mitupu. Kwa watu tuliozoea ua linalotufuata ndani ya nyumba, hilo ni jambo geni kidogo, ingawa naamini lina adabu yake.

Sababu ya pili ni hofu, na hofu hii naiheshimu. Msambweni inajulikana na madaktari wa mbali kwa jambo moja zaidi ya mengine yote, nalo ni kichocho. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, wamekuwa wakifuatilia ugonjwa huu katika vijiji kama Milalani, wakihesabu mayai ya minyoo kwenye mikojo ya watoto wa shule na konokono kwenye vidimbwi. Mzunguko wake ni mwepesi kueleza na mgumu kukatiza. Mtoto mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humtafuta konokono wa jamii ya Bulinus. Ndani ya konokono huongezeka kwa maelfu, kisha hutoka na kuogelea hadi vikutane na ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayechota. Huingia bila maumivu makubwa. Baadaye ndipo damu huonekana kwenye mkojo, na asiyetibiwa huweza kuharibika kibofu na figo. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia na majani mapana ya kujibandika kwa chini. Jani la yungiyungi ni jani la namna hiyo hasa.

Kwa hiyo mama anayemkataza mwanawe asiingie ziwani kuchuma yungiyungi anasema kweli. Huenda hakusoma habari za Bulinus, lakini ameona watoto wa jirani wakikojoa damu. Ongeza mbu wa malaria, ongeza mbu wanaoeneza matende, ambayo pia yamewatesa watu wa Kwale kwa muda mrefu, na utaelewa kwa nini maji yaliyotuama karibu na nyumba huonekana kuwa adui. Mwandishi anayesifu yungiyungi bila kutaja kichocho hawafai watu wa Msambweni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na anayetaka kulea ua la majini katika nchi hii lazima ayabebe yote yaliyomo majini humo.

Hofu ya aina hii si ya Kwale tu. Mwaka wa 1893 mchoraji Claude Monet alinunua kipande cha ardhi huko Giverny, Ufaransa, akaomba ruhusa ya kuchepusha maji ya kijito ajaze bwawa la mayungiyungi. Majirani walipinga. Walihofu kwamba mimea yake migeni ingeharibu maji waliyoyatumia. Ruhusa ilipatikana baada ya mvutano, na bwawa lile likazaa michoro ambayo leo watu huvuka bahari kwenda kuitazama. Lakini majirani wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wakiuliza swali ambalo kila mwenye bwawa anapaswa kulijibu: maji haya yataingiliana vipi na maji ya watu?

Jibu langu ni kwamba yasiingiliane kabisa. Kichocho hakizaliwi na ua, wala hakizaliwi na konokono peke yake. Kinahitaji mtu akojoe majini na mtu mwingine aingize mwili majini humo. Bwawa la bustani asimooga mtu, lisilofuliwa nguo, lisilochotwa maji, limeukata mzunguko huo katika sehemu mbili. Kwa hiyo sharti la kwanza la kulea yungiyungi ni uzio, hata kama ni wa miti na kamba, na sababu yake haiishii kwenye kichocho: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika magotini. Sharti la pili ni samaki. Vifaranga vya tilapia au samaki wengine wadogo wa maji matamu hula viluwiluwi vya mbu kwa bidii, na bwawa lenye samaki hai ni salama kuliko kopo lililoachwa uani likajaa mvua. Tilapia wakishakuwa wakubwa huanza kufukua matope na kung'oa mizizi, basi huondolewa na kupikwa, na wadogo huachwa waendelee na kazi.

Mahali penyewe pa kupanda hutegemea ardhi. Aliye upande wa mfinyanzi, kuanzia Ukunda kuelekea Muhaka au Msambweni ndani, aweza kuchimba pembe inayotuama maji kidogo tu, ili kina cha katikati kifike magotini masika, na kuiacha. Aliye juu ya matumbawe ya Diani au Galu atahitaji chombo: pipa lililokatwa nusu, beseni kubwa, au birika la saruji. Birika jipya lijazwe maji na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kupanda, kwa sababu saruji mbichi huyafanya maji kuwa makali na mizizi huungua. Udongo uwe mzito, wa shamba, wenye mfinyanzi. Samadi mbichi haifai. Huoza ndani ya maji, maji hugeuka kijani na kunuka, na jani changa hufa kabla halijafika juu. Tunguu hupandwa kwenye chombo kipana, kichwa chake kikiwa nje ya udongo, na juu ya udongo hutandazwa kokoto ili matope yasiibuke. Mwanzo maji yawe shibiri moja tu juu yake. Majani yakirefuka, maji yaongezwe taratibu.

Yungiyungi linataka jua saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe au mkorosho litatoa majani na kukunyima maua. Halitaki maji ya chumvi, na hili ndilo linalowashinda wengi wa ufukweni, wanaojaza bwawa kutoka kisimani na kuona majani yakiungua kingo. Maji bora ni ya mvua, yanayokingwa kutoka paa la bati. Paa la makuti, zuri lilivyo, hutoa maji ya rangi ya chai. Majani yanayonyauka yaondolewe yasije yakaoza majini, na majani mabichi yapunguzwe yakishafunika zaidi ya nusu ya uso wa maji, ili samaki wapate hewa na jicho lipate nafasi.

Kisha huja kaskazi, Januari na Februari, na hapa ndipo mwenye bustani hujaribiwa. Maji hupungua, tangi huwa na shida nyingine muhimu zaidi, na bwawa huanza kuonekana dhaifu. Wapo wanaonunua maji ya bauza wajaze. Mimi naona ni heri kuliacha ua lipumzike kama linavyopumzika ziwani. Wale samaki wadogo kwanza wahamishiwe kwenye chombo kingine, na matope yakae na unyevu kidogo chini ya kivuli cha makuti. Tunguu litangoja. Bustani zetu nyingi zimejengwa kwa dhana kwamba kila mwezi lazima uwe na ua, na dhana hiyo hulipiwa kwa maji ya visima ambayo jirani hana. Ua linalojua msimu wake linatufundisha kiasi, na katika nchi ya visima vya chumvi kiasi ni lazima.

Na mbegu au matunguu yatoke wapi? Hifadhi ya Shimba, iliyotangazwa mwaka wa 1968, haichimbwi, wala msitu mtakatifu wa kaya hauguswi. Kaya Kinondo na wenzake kadhaa wamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, lakini hata kabla ya orodha hiyo wazee walishaweka mipaka ambayo mtu mwenye adabu hakuivuka. Matunguu yako kwenye viwanja vinavyofukiwa. Ukisikia kwamba jirani ameita lori, mwendee kabla halijafika, umwombe ruhusa, uchimbue unachoweza. Kwa kawaida atakupa bure, na huenda akakuuliza unayapeleka wapi. Swali hilo ni mwanzo wa mazungumzo mazuri.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba wengine walilithamini ua hili mapema kuliko sisi. Mjerumani Johann Maria Hildebrandt alipita Unguja miaka ya 1870 akikusanya mimea, na mwaka wa 1877 mtaalamu Robert Caspary akaliandika yungiyungi la huko kwa jina la Nymphaea zanzibariensis. Mbegu zake ziliota kwenye nyumba za vioo za Ulaya, zikavuka hadi Marekani, na yungiyungi hilo likawa mzazi wa mayungiyungi mengi ya buluu na zambarau yanayouzwa leo kwa wenye mabwawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwenye bustani ya mimea ya Missouri, George Pring alitumia yungiyungi la manjano lililotoka Tanganyika kuzalisha ua aliloliita St. Louis, nalo likapewa hataza. Mji wa Marekani ukapata ua lenye jina lake kutoka kwenye maji ya Tanganyika. Siwalaumu wale waliolipenda. Najiuliza tu kwa nini mapenzi hayo hayajarudi nyumbani, wakati bustani nyingi za Diani zimejaa bogenvilia ya Amerika ya Kusini.

Mimea migeni mingine hugharimu zaidi ya bili ya maji. Gugu maji lina ua la zambarau linalovutia, na ndiyo sababu watu walilibeba kutoka Amerika ya Kusini wakalipamba mabwawani kote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na tangu hapo wavuvi wa Kisumu na Homa Bay wameamka asubuhi nyingi wakakuta bandari zimefungwa kwa zulia la kijani. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Anayetaka ua la majini Kwale hana haja ya kujaribu bahati hiyo. La kwetu lipo, lina nyuki wake, chura wake na konokono wake, na likitoroka bustanini litakwenda pale lilipokuwa tangu zamani.

Kuna kisa cha karibu kinachonipa matumaini. Mikoko ya Gazi nayo ilihesabiwa kuwa matope na kuni. Leo wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka wa 2013, hupokea fedha kwa kuilinda, nazo hununua vitabu vya shule na kuleta maji ya bomba. Dunia ilikuja kuelewa kwamba mkoko huhifadhi kaboni, hulea samaki na huvunja nguvu ya mawimbi. Vidimbwi vya maji matamu vilivyo kilomita chache ndani havijapata mtetezi wa namna hiyo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za ardhioevu za 2009 zinavitaja kwa maneno ya jumla, lakini kidimbwi cha msimu kilicho ndani ya kiwanja cha mtu hakina mlinzi ila mwenye kiwanja. Nacho kina kazi. Maji kinachoyashika leo huzama polepole na kusukuma chumvi mbali na visima. Kikifukiwa, maji yale hayakomi kuja. Hutafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi hupitia sebuleni kwa jirani wa chini. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilipofurika sehemu nyingi za Pwani, watu walilia na mvua. Nusu ya kilio hicho ilistahili kuelekezwa kwa malori.

Naelewa kwamba mwenye kiwanja cha futi hamsini kwa mia ana haja ya kila shibiri. Simwombi ageuze nyumba yake kinamasi. Namwomba asimame kwenye pembe yake ya chini katikati ya masika, atazame maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, kabla hajaamua. Huenda sehemu ndogo tu ikatosha, mita mbili kwa tatu, penye uzio, samaki na matunguu machache. Shule zenye uwanja unaotuama maji zingeweza kufanya zaidi, kwa sababu bwawa moja lililozungushiwa uzio lina somo la chavua, la chura, la konokono na la kunawa, yote mahali pamoja.

Ningependa mtoto wa Ukunda na wa Msambweni akue akilijua yungiyungi kwa jina na kwa tabia yake, na akue akijua pia kwa hakika jinsi kichocho kinavyompata mtu. Maarifa hayo mawili yametoka kwenye dimbwi moja, na asiyefundishwa la pili hawezi kulifurahia la kwanza kwa amani. Tumefukia maji kwa sababu tuliyaogopa, na tuliyaogopa kwa sababu hatukupewa njia ya kuishi nayo. Njia hiyo ipo. Ni uzio, samaki, dawa ya kichocho shuleni, choo kilicho imara, na pembe ya chini ya kiwanja iliyoachwa ishike maji yake.